Bendi tatu usiku mmoja, ukumbi mdogo, miksa ya chaneli 16: saundicheki ipangwe vipi?

Jukwaa_Dogo
Wakuu, habari za kazi. Kuna shoo zinakuja Jumamosi tatu mfululizo, kila usiku bendi tatu zinazojitegemea, zisizo na lebo wala fundi wao wa sauti. Ukumbi unachukua watu 120, jukwaa ni mita 5 kwa 3, dari liko chini. Mitambo iliyopo: miksa ya chaneli 16, spika mbili za mbele, monita tatu (spika za kuwasikilizisha wanamuziki wenyewe), maiki kumi, visanduku vitatu vya DI (vya kuunganisha chombo moja kwa moja na miksa). Milango inafunguliwa saa 1 usiku, bendi ya kwanza inapanda saa 2, na kati ya bendi na bendi kuna dakika 15 tu. Mawili yananiumiza kichwa: kubadilishana jukwaa kunakokula hadi dakika 40, na maiki za waimbaji kupiga mluzi (sauti ya spika ikirudi kwenye maiki) kila zikiongezwa kidogo. Nianzie wapi?

Waya_Mrefu
Mkuu, dakika 15 zinatosha, ila kazi yake inafanyika wiki nzima kabla. Kila bendi ikutumie mchoro wa jukwaa (nani anasimama wapi, ampu inakaa wapi, anahitaji soketi ngapi) na orodha ya vyote vinavyoingia kwenye miksa. Ukizipata zote tatu, zigeuze ziwe orodha moja. Kwa mfano: 1 kiki (dramu kubwa ya mguu), 2 sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), 3 maiki ya juu ya matoazi, 4 besi, 5 na 6 magitaa, 7 na 8 kibodi, 9 hadi 12 waimbaji, 13 na 14 akiba kwa tarumbeta au kompyuta. Halafu chaneli haihami usiku kucha. Bendi isiyo na kibodi, 7 na 8 zinazimwa tu, hapewi mtu mwingine. Muda unaliwa na mtu anayechomoa waya gizani huku akiuliza huu ulikuwa wa nani.

Dramu iwe seti moja, na ampu ya besi moja, kwa wote. Kila mpiga dramu aje na sneya yake, matoazi yake na pedali yake ya kiki, na aambiwe hivyo mapema. Weka akiba ya zile nati za kipepeo zinazokaa juu ya toazi pamoja na vipande vya sufi vya chini yake. Ni vitu vidogo vinavyodondoka gizani, na toazi bila sufi linasaga chuma kwa chuma hadi linapasuka tunduni.

Saundicheki inaenda kinyumenyume: anayefunga usiku anapima kwanza, anayefungua anapima mwisho, na vyombo vyake vinabaki palepale. Saa 10 hadi 11 bendi ya mwisho, saa 11 hadi 11:40 ya pili, 11:40 hadi 12:20 ya kwanza. Zinabaki dakika 40 za kurekebisha kilichoharibika kabla ya milango. Kama miksa ni ya kidijitali, hifadhi mpangilio wa kila bendi. Kama si ya kidijitali, piga picha ya vitufe vyote kwa simu bendi ikimaliza tu.

Nyuzi_Nne
Naongezea kwenye mluzi, kwa sababu wengi wanakimbilia ekwalaiza (vitufe vya kupunguza au kuongeza masafa ya sauti, nzito hadi nyembamba) wakati kosa liko sakafuni.

Angalia aina ya maiki kwanza. Ya kadioidi, kama Shure SM58, ni kiziwi nyuma kabisa, kwa hiyo monita inakaa mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki. Ya supakadioidi, kama Beta 58A, inasikia kidogo kwa nyuma. Uziwi wake uko pembeni, kama digrii 125 kutoka mbele. Hiyo monita yake isogezwe kando. Ukizichanganya bila kujua, utahangaika na vitufe usiku mzima.

Mwimbaji asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Matundu ya nyuma yakizibwa, maiki inaanza kusikia pande zote, ikiwemo monita. Midomo nayo isogee: kutoka sentimita 10 hadi 5 unapata takribani desibeli 6 bila kugusa miksa. Maiki isiyotumika izimwe, maana kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka maradufu, unapoteza kama desibeli 3 kabla ya mluzi.

Baada ya hapo ndipo upandishe monita polepole, mluzi ukianza ukate masafa hayohayo kwa desibeli 3, kwa upana mdogo. Ukikata mara tatu au nne, simama. Ukizidisha, sauti ya mtu inabaki ganda tupu.

Toazi
Nakubaliana na Waya_Mrefu karibu kote, ila maiki ya matoazi kwenye dari la chini ningeitoa. Dramu zinaujaza ukumbi huo zenyewe. Weka maiki ya kiki, basi. Ya sneya ifunguliwe pale tu mpigaji ana mkono mwepesi. Kiwango cha shoo unakiweka kwa dramu zisizo na spika, kisha waimbaji wanapandishwa hadi wasikike juu yake, na magitaa yanafuata. Ampu ya gitaa iinuliwe au iegemezwe nyuma ili itazame masikio ya mpigaji. Ikitazama magoti, yeye anaongeza sauti na mstari wa mbele wa watazamaji ndio unaoumia.

Kuhusu kuumia: kiwango cha WHO cha mwaka 2022 kwa kumbi ni wastani usiozidi desibeli 100, ukipimwa kwa kila kipindi cha dakika 15. Weka kipimo pale miksa ilipo, na vizibo vya masikio mlangoni.

Jukwaa_Dogo
Asanteni sana. Moja limebaki: kompyuta ya bendi ya pili inaleta muungurumo ikichomekwa chaja.

Waya_Mrefu
Hiyo ni njia mbili za ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini) zinazokutana. Pitisha kompyuta kwenye kisanduku cha DI na ubonyeze swichi yake ya kukata ethi ya sauti. Ampu, kibodi na miksa zipate umeme kutoka sehemu moja, taa ziwe na njia yao. Lakini mtu yeyote asikate pini ya ethi kwenye plagi ili kuua muungurumo. Ampu ikiwa na hitilafu, umeme utapita kwenye nyuzi za gitaa, na mpigaji akigusa maiki kwa mdomo, mwili wake ndio unakuwa waya. Ukikuta plagi ya namna hiyo siku ya shoo, ampu hiyo haiwashwi.