Programu ya C ya ghala la viazi: agumenti zinaniangusha, naombeni ushauri

Mwana_Uyole
Habari za jioni wakuu. Nina programu ndogo ya C ya kurekodi magunia ya viazi ghalani hapa Uyole. Inaitwa hivi:

`./ghala -m 40 -j "Umalila"`

Natumia getopt, fankshi ya C inayosoma opsheni: -m ni idadi ya magunia, -j ni jina la mzigo. Idadi naisoma kwa atoi(optarg), yaani nageuza kuwa namba maandishi yaliyofuata opsheni; jina nalinakili kwa strcpy kwenye `char jina[16]`. Karani akiandika 4o, yaani herufi o badala ya sifuri, inapokea magunia 4 bila kulalamika. Akiandika "Kutoka Umalila, lori la pili" inaanguka. Halafu kwenye laptop inamaliza vizuri, ila kwenye Raspberry Pi ya ghalani inazunguka kwenye kitanzi haitoki. Nianzie wapi?

Fundi_Iwambi
Mkuu, achana na atoi. Haina njia ya kukwambia imeshindwa: "abc" inarudisha 0, sawasawa na mtu aliyeandika 0 kweli. Weka strtol, nayo inageuza maandishi kuwa namba ila inakuonyesha iliposimama:

```
char *mwisho;
errno = 0;
long n = strtol(optarg, &mwisho, 10);
if (mwisho == optarg || *mwisho != '\0' ||
    errno == ERANGE || n < 1 || n > 600) {
    fprintf(stderr, "Idadi si sahihi: %s\n", optarg);
    return 2;
}
```

Sharti la kwanza linakamata pasipo na tarakimu hata moja. La pili ndilo linaloinasa 4o yako, maana pointa `mwisho` inabaki imesimama kwenye ile o. errno, kigezo kinachobeba namba ya kosa (ERANGE ni namba iliyozidi kipimo), isafishe mwenyewe kabla, strtol haikusafishii. 600 badilisha kulingana na ghala. Na hiyo 10, yaani msingi wa kuhesabu, usiibadilishe: ukiweka 0, karani akiandika 010 inasomwa kwa msingi wa 8, unapata magunia 8! Wala usikimbilie strtoul, ndugu ya strtol ya namba zisizo na hasi, ukidhani inazuia hasi. "-1" inaipokea na kuigeuza namba kubwa ajabu.

Dada_Mafinga
Kuhusu kitanzi, kaka, angalia kama umeandika `char c`. getopt inarudisha int, na ikimaliza inarudisha -1. Kwenye laptop ya x86 char inabeba hasi, kwa hiyo inafanya kazi kwa bahati tu. Kwenye Linux ya ARM, kama ya Pi yako, char haibebi hasi: -1 inageuka 255, na 255 haitalingana na -1 hata kesho. Andika `int c`.

Jina: bafa, yaani nafasi uliyotenga kwenye kumbukumbu, ya 16 inabeba baiti 15 na '\0' ya mwisho, ya ziada strcpy inayamwaga kwenye kumbukumbu ya jirani. Kwa kazi yako huna hata haja ya kunakili. `const char *jina = optarg;` inatosha, argv, orodha ya maneno ya amri, ipo hadi programu iishe. Kulichapisha ni `printf("%s", jina)`, kamwe si `printf(jina)`.

Mwana_Uyole
Ni char c kweli, dada! Nimebadilisha, Pi imetoka kwenye kitanzi. Asante sana. Na karani akisahau -j kabisa?

Fundi_Iwambi
getopt haijui opsheni ipi ni ya lazima. Anza na `jina = NULL`, yaani tupu, kitanzi kikiisha kagua; ikiwa bado NULL, kataa. Kagua pia `optind < argc` (nafasi getopt ilipofika dhidi ya idadi ya maneno yote); ikiwa kweli, kuna maneno yamebaki: mara nyingi karani kasahau alama za kunukuu. Na akiandika `-m -j Umalila`, getopt inaichukua "-j" kuwa thamani ya m, strtol itaikataa.

Kompaili kwa `gcc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address,undefined`, ili makosa kama ya kumwaga kumbukumbu yaonekane programu ikiendeshwa, kisha jaribu: "", 4o, -5, 99999999999999999999, na jina la herufi 300.