Familia za mitaani Nairobi: lori la kanjo au kitambulisho?

Wadau, swali ni hili: familia za mitaani zizolewe kwa lori la kanjo, yaani askari wa kaunti, au zihudumiwe zilipo? Mimi nasema zihudumiwe zilipo, na kazi ianzie kwenye kitambulisho.

Hesabu ya 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, 15,337 kati yao wakiwa hapa Nairobi. Hazina ya kuwarekebisha ipo tangu 2003, mwaka ambao serikali ya Kibaki iliwakusanya, vijana wengine wakapelekwa NYS, Huduma ya Taifa kwa Vijana, kufundishwa ufundi. Wapo waliopata kazi. Wengine walirudi bezi, yaani maskani yao ya mtaani, tena sasa wana watoto.

Nje ya kibanda changu hulala kijana anayeokota chupa. Kila jioni huniachia shilingi hamsini nimwekee, maana bila kitambulisho hawezi kusajili laini, na bila laini hana M-Pesa. Benki yake ni mimi! Alipougua, hospitalini waliuliza nambari ya SHA, bima ya afya ya serikali, nayo inataka kitambulisho. Akaenda kwa chifu, akaambiwa alete nakala za vitambulisho vya wazazi. Mama alifariki, baba hamjui. Kila mlango unamrudisha kwenye karatasi ileile.

*Mwenye duka, River Road:*
Unaongea hivyo kwa sababu hujanyang'anywa mkoba pale mzunguko wa Globe. Sisi wa miaka ya tisini tulitishiwa kupakwa kinyesi mchana kweupe. Kitambulisho hakimwachishi mtu kunusa gundi, ndugu yangu. Mlango wangu naufungua saa kumi na mbili, na kabla ya mteja wa kwanza nimeshaosha mikojo. Na mimi nalipa leseni.

*Niliyetoka bezi:*
Mama, pole kwa mkoba, lakini lori nimelipanda. Tulishushwa usiku mahali nisipopajua, tukarudi kwa miguu. Siku tatu. Februari 2019 watoto wa Nakuru walibwagwa msituni Baringo, hadi Seneti ikaingilia. Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997, ila kanjo hawajaambiwa. Kilichonitoa mimi ni mzee mmoja wa kanisa aliyekuja bezi kila Alhamisi, mwaka mzima, kabla sijamwambia jina langu la kweli. Gundi niliiacha baadaye, nilipopata pa kulala.

*Mwenye mada:*
Mama wa River Road, la gundi nakupa. Karatasi haitibu. Lakini kituo cha kutibu nacho kitamwandika kwa jina gani, na atarudi vipi kliniki mwezi ujao?

Ugumu ninaouona uko kwingine. Binti akizaa bezi naye hana kitambulisho, cheti cha mtoto kinakwama palepale, na miaka kumi na minane baadaye tunaanza upya. Kama mzazi hayupo, nani amdhamini? Chifu? Mzee wa kanisa? Mimi mwenye kibanda ningemwekea sahihi yule kijana hata kesho. Wewe mama, ungemwekea?