Mjadala: Wanafunzi wa maabara waingie raundi za wodini, au wabaki benchini?

Fundi wa maabara, Mbarara: Nawaletea kisa. Damu ya mtoto ililetwa: potasiamu juu ya kutisha, kalsiamu iko chini kabisa. Mwanafunzi wangu, mwaka wa mwisho, alikuwa tayari kupeleka majibu. Nikamzuia. Kumbe damu kwenye chupa ya vipimo vya kemia haikutosha, aliyeitoa wodini akaongezea kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau. Dawa inayozuia damu kuganda humo ni chumvi ya potasiamu, na ndiyo hiyo hiyo inayoshika kalsiamu. Mashine haikukosea hata kidogo. Lakini kijana hajawahi kuona damu ikitolewa wodini, angejuaje? Nasema waingie raundi mara moja kwa wiki.

Mkufunzi, Kampala: Ndugu, waingie wapi? Kitanda kimoja tayari kimezungukwa na wa udaktari, wa uuguzi na wa ukunga, na mgonjwa si maonyesho. Halafu benchi nani atalishika? Kabla hujasema slaidi ya tone nene la damu haina malaria, pitia angalau nyuga 100, yaani sehemu unazoziona moja moja kwenye hadubini, kwa lenzi ya mafuta. Macho hayo hayapatikani kwa kutembea nyuma ya daktari.

Daktari intani, Gulu: Mimi nilifaidika kinyume chake: nilishuka maabara. Nilikuwa naandika "homa" tu kwenye fomu, basi. Na makohozi ya kifua kikuu niliyotuma, fundi alinionyesha ni mate matupu. Aibu niliyoipata! Raundi ifanyike maabara, madaktari waje.

Mwanafunzi, Jinja: Sisi hatuulizwi? Tukifika wodini tunageuzwa matarishi wa kubeba sampuli. Benchini nako msimamizi ana foleni yake, anatufundisha akiwa amesimama mguu mmoja. Kabla ya kubishana ni wapi, semeni nani atapunguziwa kazi atufundishe.

Fundi wa maabara, Mbarara: Mwanafunzi amenishika pabaya, sina jibu la hilo. Mkufunzi, nakubali darasa zima haliwezekani. Ila daktari, ukishuka maabara unakutana na chupa iliyokwisha kujazwa. Kosa la kisa changu lilitokea kitandani. Jumatatu nawachukua wawili tu, wodi ya watoto, saa moja na nusu asubuhi, kabla damu haijaanza kutolewa. Sampuli hizo hizo watazipima wenyewe mchana.

Mkufunzi, Kampala: Wawili sawa. Slaidi zao za asubuhi nani atazisoma?