Naomba ushauri: muziki wa kufungulia tamthilia yetu ya sayansi ya kubuni

Habari zenu wakuu. Niko Mtwara, na wenzangu tunaandaa tamthilia ya kusikiliza. Kisa kinaanzia Tendaguru, Lindi, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin. Katika kisa chetu, chini ya ile mifupa kuna kitu bado kinapumua.

Hadithi imeiva. Tumekwama kwenye muziki. Wenzangu wanataka kinanda cha umeme, zile sauti za anga za juu ambazo kila mtu anazo. Mimi natamani sana ngoma za sindimba. Ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ngozi yake ikishakazwa kwenye moto wa majani makavu, inakata hewa hadi kifuani. Kwa nini mambo ya kesho yasisikike Kimakonde?

Kinachonipa moyo ni Delia Derbyshire, fundi wa sauti wa BBC. Mwaka 1963 alitengeneza muziki wa kufungulia Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya sayansi ya kubuni, kwa kukata na kuunga vipande vya tepu, kimojawapo kikiwa mlio wa waya uliodonolewa. Sauti ya kawaida kabisa, ikageuzwa ikawa ngeni.

Sasa wataalamu, ngoma nizirekodi vipi kwa simu bila mlio kupasuka? Nikipunguza kasi, haitageuka uji? Na wapigaji wetu ni wazee: haki yao niiandikeje ili hata tamthilia ikiuzwa wasidhulumiwe?