Mjadala: Kurasa za afya za Kiswahili ziandike kipimo, au ziishie "muone daktari"?

Mleta mada

Wakuu, kurasa nyingi za afya za Kiswahili zinaishia na sentensi moja: "Muone daktari haraka." Mzazi anayefungua simu saa nane usiku, mtoto anaharisha na pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, wa kurudisha maji na chumvi mwilini) iko mezani, anataka kujua aweke maji kiasi gani. Msimamo wangu ni kwamba kipimo kiandikwe chote, tena juu kabisa ya ukurasa.

Kwa mfano: pakiti ya lita moja inakorogwa yote kwenye lita moja ya maji safi na salama. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Anayepinga aonyeshe ni mstari upi hapo unaoweza kumdhuru mtoto.

Mfamasia

Wa kwanza. Pakiti zipo pia za nusu lita na za mililita 200. Mwenye pakiti ya nusu lita akisoma "pakiti moja kwa lita moja" atampa mtoto maji mepesi yasiyorudisha chumvi inayopotea. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: pakiti ya lita moja ndani ya chupa ya nusu lita. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, inakuwa maradufu. Ikipanda sana kwenye damu, inavuta maji kutoka kwenye seli, kiu inazidi, na mtoto anaweza kupata degedege.

ORS ya sasa ina gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za glukosi (aina ya sukari) kwa kila lita. Glukosi ndiyo inayoivusha sodiamu kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Ndiyo maana hairuhusiwi kuongeza sukari "ili mtoto aipende": sukari ikizidi, inavuta maji kuingia utumbo na kuharisha kunaongezeka.

Kwa hiyo sipingi kipimo. Ila hatua ya kwanza iwe kusoma ujazo uliochapishwa kwenye pakiti, ya pili kusoma ujazo wa chupa. Chupa ya lita moja na nusu ukiitazama haraka unaidhania ya lita moja.

Daktari wa watoto

Juu ya ukurasa ziwekwe dalili za hatari, kipimo kifuate. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeamka vizuri, mwenye macho yaliyodidimia, mwenye damu kwenye choo, au ambaye ngozi ya tumbo ukiifinya na kuiachia inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi: huyo aanze safari ya kituo cha afya sasa hivi, na kama anaweza kumeza apewe ORS njiani. Hapo "muone daktari" ina maana, kwa sababu msomaji ameambiwa ni lini na kwa nini.

Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani (vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, vyote vimesawazishwa) ningeyaweka mwisho, kwa asiyepata pakiti kabisa. Kijiko cha chumvi kikijazwa mlima, tunarudi kwenye hatari aliyoieleza mfamasia.

Mhariri wa maudhui ya afya

Kwenye zinki, madini ambayo mtoto anayeharisha hupewa kwa kidonge pamoja na ORS, suala ni gumu zaidi. Tamko la WHO na UNICEF la 2004 lilisema miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa walio chini ya miezi 6. Baadaye uchambuzi wa 2016 wa Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, ukaonyesha kwamba kwa watoto waliozidi miezi 6 zinki hupunguza muda wa kuharisha kwa takriban nusu siku, na kwa wenye utapiamlo takriban siku nzima. Kwa walio chini ya miezi 6, huenda haisaidii. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 4,500 Tanzania na India: kwa ufanisi miligramu 5 haikuzidiwa na 20, na kutapika kulipungua kutoka karibu watoto 19 kati ya 100 hadi karibu 14.

Je, mzazi mwenye kidonge cha miligramu 20 aambiwe haya? Nasema aambiwe kwamba kutapika kunaweza kutokea, na kwamba kwa mtoto wake faida ni ya nusu siku, si muujiza. Kukigawa kidonge kwa kubahatisha asiambiwe; kipimo kiwe cha mwongozo unaotumika nchini, na mwaka wa mwongozo huo uandikwe wazi. Ukurasa usio na tarehe ya kuhakikiwa haufai kuwa na namba yoyote.

Mtengeneza tovuti

Namba zikiwekwa kwenye picha, hamtaweza kuzirekebisha. Picha ikishasambaa WhatsApp, kipimo cha zamani kinaendelea kuzunguka. Tena asiyeona hasomewi na simu yake, na bando linaliwa bure. Maandishi haya yote ni kilobaiti chache. Jedwali nalo ni mtego: kwenye simu ndogo safu ya umri inaonekana, safu ya mililita inabaki nje ya kioo. Kila umri upewe mstari wake, pamoja na kipimo chake.

Mleta mada

Nakubali mpangilio wa daktari na hatua mbili za mfamasia. Kwenye zinki bado sikubaliani na mhariri: kwa mtoto wa chini ya miezi 6 ukurasa unapaswa kusema wazi kwamba ushahidi ni dhaifu, hata kama mwongozo unatoa kipimo. Mzazi akimpa mtoto huyo kidonge huku akipunguza kumnyonyesha, amepoteza kilicho muhimu zaidi. Wenye hoja dhidi ya hili waziweke hapa.