Grand National ya Aintree au Welsh National ya Chepstow: niende ipi?

KwatoNne: Wakuu, heshima mbele. Niko Bristol mwaka wa pili, na mfuko unaruhusu mbio moja tu za farasi za kuruka viunzi. Aintree kule Liverpool mwezi wa nne, au Chepstow, Wales, tarehe 27 Desemba? Zote ni hendikapu, yaani farasi mwenye sifa anabebeshwa uzito zaidi ili wanyonge nao wapumue. Ipi ina ladha? Nawasilisha.

MzeeWaKibanda: Swali gani hili mkuu? Aintree. Zilianza 1839, akashinda farasi aitwaye Lottery, na mwaka huohuo mpanda farasi Kapteni Becher akatumbukia kwenye kijito. Kiunzi kile mpaka leo ni Becher's Brook. Viunzi 30, karibu kilomita 7. Ukitaka kuona uzito unafanya nini, tafuta video ya 1973. Farasi Crisp kabeba kilo 76, mwenzake Red Rum pungufu ya hapo kwa kilo 10 na ushee. Crisp kaongoza, kawaacha wenzake mbali mno, halafu ule mnyoosho wa mwisho miguu ikagoma, anayumba kama mtu anayetoka ngomani alfajiri. Red Rum kampata hatua chache tu kabla ya mwisho. Kila nikiitazama namwonea Crisp huruma upya. Red Rum akarudi kushinda 1974 na 1977, na hakuna farasi mwingine mwenye tatu.

Shangazi_Cardiff: Kaka, hiyo ni Aintree ya enzi zenu. Tangu 2024 wanaanza farasi 34, si 40 tena, na tangu 2013 viunzi vina plastiki ndani badala ya magogo. Farasi walikuwa wanakufa, kwa hiyo siwalaumu, ila usiniambie ni mbio zilezile. Welsh National zilianza hapa Cardiff, Ely, 1895, zikahamia Chepstow 1949. Ni tope tupu. Anayeshinda amehenyeka kwelikweli. Corbiere alishinda huku Desemba 1982, Aprili iliyofuata akaibeba hiyo Grand National yako. Na 2019 Potters Corner, farasi aliyefunzwa hapahapa Wales, wa kwanza wa nyumbani tangu 1965! Juu yake Jack Tudor, kijana wa miaka 17. Nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Kipanga77: Shangazi, tope hilohilo ndilo linalowaponza. Mbio za 2012, 2015, 2017 na 2020 hazikufanyika Desemba, zikasogezwa Januari. Majira yakizidi kuvurugika hivi, sijui tarehe 27 itabaki ya nani. Ingawa nakiri, zile zilizosogezwa Januari 2018 zilikuwa tamu: Raz De Maree, mzee wa miaka 13, kapandwa na mtoto wa miaka 16, wakashinda.

BintiMalindi: Samahani wakubwa, mie nimezoea Ngong, farasi wanakimbia tu hawaruki kitu. Aliyebeba mzito kuliko wote huwa anashinda kweli?

Shangazi_Cardiff: Mara chache, mwanangu. Native River alifanya hivyo Chepstow 2016, na 2018 akachukua mbio kubwa za Gold Cup kule Cheltenham.

MzeeWaKibanda: Mimi hofu yangu si mvua wala plastiki, ni mazizi makubwa ya Ireland. Aintree 2025, wa kwanza, wa pili na wa tatu wote wa mkufunzi Willie Mullins, na farasi mshindi, Nick Rockett, kapandwa na Patrick, mwana wa Mullins. Hendikapu inapima mgongo wa farasi, haipimi pochi ya mwenye zizi. Mkeka wangu ulichanika mapema.

KwatoNne: Nimeamua Chepstow. Kutoka hapa ni kuvuka daraja tu, zikiahirishwa narudi kulala. Shangazi, nivae nini?

Shangazi_Cardiff: Gambuti. Na soksi jozi mbili.

MzeeWaKibanda: Mmeniuzi. Aprili nitaenda peke yangu.