Madalali wa Mwanza, acheni kutuuzia stika za nchi 40: tuonyesheni chesisi na karatasi za forodha

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika kwa hasira na naomba madalali wausome mpaka mwisho.

Tatizo ni haya malori ya kuishi, yale yenye kijumba nyuma ambayo wageni huzunguka nayo Afrika miezi na miezi. Wakichoka wanayaacha yadi au kwenye kambi za kando ya Ziwa, kisha dalali anayatangaza. Picha ya kwanza lori liko mbele ya mawe ya ziwani, ya pili mlango umejaa stika za nchi, ya tatu kitanda kimetandikwa. Ya chini ya gari hakuna hata moja. Mtu anayeuza Canter ya samaki pale Kirumba hawezi kusema "limetembea sana" kama sifa. Kwenye haya malori imekuwa sifa, na bei inapandishwa kwa hilo! Kilomita za rasta, yale mawimbi ya barabara za vumbi, ndizo zinazokata springi, kulegeza riveti na kupasua chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Safari ndefu inatakiwa ishushe bei, isipokuwa kuna daftari la matengenezo linaloonyesha nini kilibadilishwa na lini.

Kibaya kuliko vyote ni forodha. Gari la mgeni huingia kwa kibali cha muda au kwa kaneti, kile kitabu cha forodha ambacho kila nchi hugonga muhuri wa kuingia na wa kutoka. Vyote viwili vina sharti moja: gari litoke. Kaneti ina jina la mwenye gari na haiendi na funguo. Likiuzwa hapa bila kulipiwa, chama kilichotoa dhamana huko Ulaya kitadaiwa, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 hilo ni gari lisilolipiwa ushuru. Linakamatwa likiwa mikononi mwako wewe mnunuzi, wakati dalali ameshakula cha juu.

Msikubali pia ule uongo wa "hili ni lori, ushuru wake mdogo". Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kuishi linaingia fungu la 8703 kwenye orodha ya ushuru wa forodha, pamoja na magari ya abiria, siyo 8704 la malori ya mizigo. Linapigiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, tozo ya uchakavu, halafu VAT ya 18% juu ya thamani ambayo tayari imeongezewa ushuru huo. Mpe wakala wa forodha namba ya chesisi, mwaka na ukubwa wa injini, akuletee hesabu kwa maandishi kabla hujataja bei yako. Namba iliyogongwa kwenye chuma uisome mwenyewe kwa macho, ulinganishe na kadi ya usajili halisi. Kopi ya WhatsApp haitoshi.

Sasa chesisi. Chesisi ya lori imetengenezwa ijipinde, lakini kijumba cha faiba hakijipindi. Kati yake panatakiwa fremu ya pili yenye egemeo tatu au nne za pini na bushi, au yenye springi, ili chini kucheze na juu kutulie. Aliyefunga kijumba kwa boliti za U moja kwa moja pande zote amehamishia msokoto wote sehemu mbili: nyuma tu ya kabini, na kwenye mikono ya springi za nyuma. Ufa huanzia kwenye tundu la boliti ukaelekea ukingoni. Safisha kwa brashi ya waya na dizeli, futa, kisha mulika tochi kwa ubavu. Mstari mwembamba wa unga wa kutu unaotokeza kwenye rangi nzima ni ufa. Ukikuta weldi iliyokatiza chesisi wima kutoka juu hadi chini, achana na hilo gari. Joto la kuchomelea limeshalegeza chuma pembeni ya weldi, na ufa mpya utatokea sentimita chache kutoka pale.

Jaribio lake halihitaji mashine. Pandisha tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia juu ya magogo ya sentimita 20 hadi 30. Mlango wa kijumba ukigoma kufunguka, au pembe za kijumba zikianza kutoa mlio, fremu ya pili haifanyi kazi. Muuzaji akikataa jaribio hili, ondokeni.

Na msiambiwe kutu ni "ya ziwani". Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi. Ile kutu inayofura kama keki kati ya chesisi na fremu ya pili imetoka Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Haionekani bila kulala chini ya gari.

Spana ya Igoma:

Mleta mada umesema kweli tupu. Naongezea upande wa injini na habu, kile kitovu cha tairi.

Nenda asubuhi bila kutoa taarifa, na kabla ya salamu gusa manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini. Ikiwa ya moto, limewashwa kabla yako. Rudi siku nyingine. Moshi wa bluu ni oili, mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha oili na kiache juu ya tundu. Mvuke kidogo ni kawaida, lakini kikirukaruka ringi zimekwisha.

Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, cc 4,164, haikutoka kiwandani na turbo. Ukiikuta nayo, uliza kipimo cha joto la ekzosi kiko wapi. Mafuta yakiongezwa bila kupima joto, pistoni hupasuka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Bila tarehe ya kubadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Unimog, lori la Mercedes la njia mbovu, ina gia ndani ya kila habu, zote nne. Legeza boliti ya chini uache oili idondoke kidogo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Habu ya moto ikiingizwa mtoni, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia kwenye sili, na kipumulio kilichoziba huzidisha. Kumwaga oili na kuweka mpya siyo matengenezo, maana beringi zimeshaanza kuota kutu.

Breki za upepo: jaza matangi, zima injini, kaa dakika tano ukiutazama mshale wa geji ya upepo. Ukishuka mbele ya macho yako, kuna mahali panavuja. Kisha fungua koki chini ya tangi: maji kidogo sawa, oili nyingi maana yake kompresa imechoka.

Dalali Buzuruga:

Wakuu mnatuharibia soko. Haya magari hayana kompyuta. Mercedes 911 fundi yeyote wa Mabatini anaitengeneza, spea zipo. Mnamtisha mteja bure.

Mleta mada:

Mkuu, nusu ya maneno yako nayakubali. Injini yake ya OM352, nozo, ringi, hedi gasketi, vyote vinatafutika, maana injini hiyo imefanya kazi Afrika miongo mingi. Lakini mteja wako hanunui injini peke yake. Tairi la saizi ya malori haya, 395/85R20 au 14.00R20, atalipata duka gani hapa? Maduka yamejaa 315/80R22.5 za semi. Kwa hiyo anatembelea yaliyopo, na nyie mnayapaka rangi nyeusi yang'ae. Someni namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2313 ni wiki ya 23 ya mwaka 2013. Tairi la umri huo ubavu wake una nyufa hata kama kashata, yale meno yake, zimejaa, na kwenye jua na mzigo linapasukia ubavuni. Matairi manne na la akiba yatolewe kwenye bei. Hilo siyo kutisha mteja.

Umeme Nyegezi:

Umeme ndio unaounguza hivi vijumba. Lori ni volti 24, betri mbili za 12 zilizoungwa mfululizo. Mtu anataka chaji ya simu na taa, anachomoa waya kwenye betri moja tu kupata 12. Betri hiyo inashuka, mwenzake anapokea chaji kupita kiasi, zote zinakufa. Dawa yake ni kipunguza volti cha 24 kwenda 12. Fuata kila waya mnene kutoka betri ya ndani ya kijumba: fyuzi iwe karibu kabisa na betri, siyo mita mbili mbele nyuma ya kabati. Betri ya maji iliyopumzika usiku kucha ikisoma volti 12.2 imebaki nusu, na kama jana yake sola ilipata jua siku nzima bila kitu kuwashwa, imechoka.

Mfumo wa gesi ya kupikia wa Ulaya una kichwa tofauti na mitungi yetu. Ukikuta mpira umelazimishwa kwa waya wa kufungia, usiwashe. Badilisha regyuleta na mpira, paka povu la sabuni kila kiungo, subiri uone mapovu.

Faiba na Plaiwudi:

Kijumba chenyewe mnakisahau. Kuta ni faiba pande mbili na povu gumu katikati. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia dirishani kwenda nje. Sauti ikibadilika kutoka ngumu kuwa ya debe, faiba imeachia povu. Maji huingilia kwenye matundu ya paa, boliti za sola na pembe. Inua godoro, bonyeza plaiwudi kwa bisibisi. Ikizama, gharama yake ni kubomoa makabati yote, siyo kupaka silikoni.

Dalali Buzuruga:

Sawa. Mteja mmoja anauliza tani 7.5 zilizoandikwa kwenye kibao zina maana gani akifika mizani.

Mleta mada:

Mwambie alipime likiwa limejaa. Maji lita 300 ni kilo 300, dizeli lita 400 ni kama kilo 335, ongeza tairi la akiba, vifaa na watu wawili. Mengi yamesajiliwa tani 7.5 Ulaya kwa sababu ya leseni za huko, na uzito wake halisi huzidi hapo. Zaidi ya tani 3.5 lazima uingie mizani, na wanapima kila ekseli peke yake. Kijumba kirefu kinachoning'inia nyuma kinaipa ekseli ya nyuma mzigo wote na kuinyanyua ya mbele, hata usukani unakuwa mwepesi. Tangazo lako lijalo liweke karatasi ya mizani ya kila ekseli, picha nne za chini ya chesisi na ukurasa wa kaneti wenye muhuri wa mwisho.